Nilisoma Umeme Miaka Miwili, Lakini Aliyenifunza Ni Msanii

Wasee, wacha nianze na aibu yangu ndio tusonge.

Nilikaa chuo miaka miwili nikisomea uhandisi wa umeme. Chuo gani, hiyo si hoja. Nilipita mtihani wa sakiti na B. Nilichora transista kwa kalamu na rula mpaka kidole kikaota sugu. Na katika hiyo miaka miwili yote sikuwahi kuchoma LED hata moja. Maabara tulikuwa tunaingia watu ishirini meza moja, wawili wa mbele wanashika waya, sisi wengine nyuma tunanakili namba. Halafu karo ikakataa kupatikana, nikatoka, nikaanza kurekodi manganya na kuwapigia stori hapa. Hiyo sehemu mnaijua.

Msichojua ni kwamba juzi juzi nimefunzwa umeme upya, na aliyenifunza ni mwanafunzi wa sanaa. Msee wa rangi na brashi. Na tangu hapo nimekuwa na hasira fulani ambayo lazima niitoe, kwa sababu naona vile watu wanamwongelesha, na naona ndugu yangu mdogo akielekea kuongeleshwa vivyo hivyo.

Huyu dem anasomea diploma hapa tao. Ameniambia nisimtaje jina, kwa hivyo nitamwita Msanii. Tulikutana nikirekodi nganya ya Rongai ikiwekwa taa. Watu wote hapo walikuwa wanapiga picha za michoro ya nje. Yeye alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha dere, kichwa chini ya dashibodi, akimuuliza fundi: "Sasa hizi taa zinajuaje kufuata ngoma?"

Mimi nimerekodi manganya karibu miaka miwili na sijawahi kuuliza hilo swali. Fundi alifurahi mpaka akaacha kazi. Akamtolea kiboksi kidogo chenye maikrofoni, akakipigia makofi, taa zikaruka. Akapiga tena. Msanii akapiga mwenyewe. Hapo nikajua huyu mtu ataharibu pesa zake kwa hii maneno.

Wiki hiyo hiyo akaniita kwake Kawangware, eti kwa sababu mimi ni injinia. Nilimwambia mimi si injinia, mimi ni mtu aliyekaribia kuwa. Akasema inatosha.

Alikuwa na betri ya volti 9, ile ya mstatili, na LED za manjano kwenye karatasi ya nailoni. Akashikanisha moja moja kwa moja na betri. Ikawaka vizuri sana kwa muda wa kupepesa jicho, ikapiga "tap", ikabaki na doa jeusi na harufu. Ya pili, vile vile. Ya tatu nikamwambia ngoja. Nikachukua kalamu, nikaanza kujisikia mtu wa maana. Betri ni volti 9, LED ya manjano inakula kama 2, zinabaki 7. Gawa kwa ampea 0.02, unapata omu 350, kwa hivyo tafuta rizista ya 390 uwe salama. Nikamaliza, nikapiga mstari chini ya jibu, kama nilivyofunzwa.

Akaniangalia. "Sawa. Hiyo 0.02 umeitoa wapi?"

Wasee, nilinyamaza. Sikuwa najua. Kwa mtihani ilikuwa inapeanwa! Swali linaanza, "Ikiwa mkondo ni miliampea 20," unaendelea na maisha yako. Kumbe mtu alikaa chini akapima LED hiyo inaweza kubeba mkondo kiasi gani kabla haijaungua, akaandika. Msanii, ambaye hesabu aliiacha Form 4 na hakuaga, alikuwa amepima hicho kitu kwa mkono wake, LED tatu za shilingi kumi kumi. Alijua kuna kikomo mahali kwa sababu amekinusa.

Sisemi hesabu haina maana. Bila ile hesabu angechoma pakiti yote. Nasema mimi nilikuwa na jibu na sikuwa na swali, na hayo ni maradhi, na nilikuwa nikilipia karo ili niambukizwe.

Jumamosi tukaenda Luthuli. Kama hujawahi kwenda Luthuli kununua kitu kidogo, hujapata kudharauliwa. Mtaa mzima, kuanzia Tom Mboya mpaka River Road, ni spika, TV, woofa, vijana wanakuvuta mkono, "kuja boss, unatafuta nini, nakuuzia bei ya jumla." Ukisema unatafuta rizista, mkono unaachwa. (Hiyo barabara ilitengenezwa 2019, ikawekewa njia pana ya watu wa miguu, na huo upana wote sasa unasaidia wale vijana kukuona ukiwa mbali.) Lakini ukipanda ngazi za yale majumba, ghorofa ya pili, ya tatu, kuna vimaduka vya upana wa kitanda, na ndani kuna mzee amekaa katikati ya droo mia mbili. Hapo ndio kuna vitu. Rizista, transista, swichi, mota za kutoa kwa printa zilizokufa.

Mzee aliuliza Msanii anatengeneza nini. Wengi huuliza hivyo wakitaka kukufukuza. Huyu alikuwa anataka kujua. Msanii akamwambia: "Nimechora mtaa usiku, kwa mabati. Nataka madirisha yawake, na mtu akikaribia, yazime."

"Yazime?"

"Yazime."

Mzee akafikiria. Akasema basi usitumie ile sensa ya mwendo, hiyo inaona mtu akisonga tu. Akisimama tuli, inamsahau. Tafuta ile inayopima umbali kwa sauti. Inatuma mlio ambao sikio letu halisikii, unagonga kitu, unarudi, inahesabu muda. Kama popo. Akatoa moja, ina macho mawili kama bundi. Akampa na transista, akamwonya asiweke taa zote kwa mguu mmoja wa Arduino maana huo mguu hauna nguvu ya kubeba dirisha ishirini na nne. Hayo yote kwa dakika kumi, bure, juu ya ununuzi wa pesa isiyofika elfu mbili. Mhadhara bora zaidi wa elektroniki nilioupata maishani niliupata nikiwa nimesimama kwa ngazi kwa sababu dukani hatungetoshea watatu.

Sasa kuhusu hiyo kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo vita ilianzia.

Ni mabati mawili yaliyoshonwa pamoja, yenye kutu, aliyoyatoa kwa jirani aliyekuwa anabadilisha paa. Amechora Kawangware usiku vile unaiona ukitokea upande wa Lavington. Mnajua hiyo mitaa miwili ni majirani, dakika chache kwa miguu na umebadilisha nchi. Ukiwa mbali, usiku, Kawangware ni taa tu, na inapendeza, inakaa kama nyota. Ukisogea ndio unagundua stima imepotea nusu ya mtaa, ama mtu ameishiwa na tokeni, ama ile waya imeungwa kwa njia ambayo hatutaisema. Kwa hivyo madirisha yake yanawaka ukiwa mbali. Unavutwa. Unakaribia uone vizuri, na yanazima yote, unabaki umesimama gizani mbele ya mabati. Ukirudi nyuma, yanawaka tena.

Nilipoiona mara ya kwanza nilirudi nyuma na kukaribia kama mara sita. Halafu nikaacha kucheka.

Kuifanya ikubali ilikuwa stori. Kwanza mabati yanapitisha umeme, jambo ambalo mimi, B ya sakiti, nilikumbuka baada ya yeye kulehemu waya zote nyuma bila kufunika na kila kitu kuzimika. Akakata tyubu ya baiskeli, akavisha kila kiungo raba. Halafu ikaja shida ya kupepesa. Aliandika programu kwamba mtu akifika sentimita 150, zima. Sasa mtu akisimama pale pale kwa 150, anapumua tu, na taa zinawaka zinazima zinawaka kama disko ya kijijini.

Dawa ya hiyo shida ina jina. Inaitwa histeresisi. Nililifundishwa, nililiandika kwa mtihani, nilichora hata ile grafu yake, na nilikuwa nimekaa kwa kile kitanda nikiangalia taa zikipepesa na hilo jina halikunijia kabisa. Msanii akasema, "Hii inataka milango miwili. Wa kuingia uwe hapa, wa kutoka uwe kule nyuma." Akaweka zime kwa 150 na ziwake mtu akirudi mpaka 180. Kupepesa kukaisha. Hapo ndio jina likanijia, na nikaona aibu hata kulisema.

Basi akapeleka hiyo kazi kwa mwalimu wake kabla ya ile siku ya kuonyesha kazi za mwisho. Mwalimu, na huyu pia hatajwi, akatembea akaikaribia, ikazima, akasema imeharibika. Akaelezwa. Akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba afadhali igeuzwe, iwake mtu akikaribia, ndio wageni wapende. La pili, kwamba waya zitolewe kabisa, kwa sababu hii ni idara ya uchoraji, na kama anataka elektroniki aende akasomee elektroniki. Jopo litapima mchoro peke yake.

Nyumbani mathe wake akasema maneno mengine lakini ni yale yale. Mathe anauza mboga, ndiye analipa hiyo diploma, na alishazoea kidogo kidogo kwamba mtoto anasoma kuchora. Alipoona waya akapata matumaini. "Kwa hivyo sasa unaweza kutengeneza redio?" Msanii akasema hapana, si hivyo. "Sasa hii inasaidia nani?"

Mathe ana haki ya kuuliza. Ni jasho lake. Lakini hilo swali nalisikia kila mahali Nairobi, na wengi wanaouliza hawajalipa karo ya mtu yeyote.

Hii ni jiji ambalo limejivunia teknolojia tangu M-Pesa ianze 2007. 2010 iHub ikafunguliwa pale Ngong Road, na kizazi kilichotutangulia kikajifunza kwamba ukishika kompyuta ama waya, lazima uwe unasuluhisha shida. Nenda shindano lolote la ubunifu, una dakika tatu, slaidi ya kwanza ni "Shida". Maji, mahindi, takataka, foleni. Sina ubaya na hayo, maji ni muhimu. Lakini ona kinachofanyika: mtoto wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuwasha LED anaambiwa kitu chake cha kwanza kiokoe wakulima. Anaenda kununua moduli zilizokamilika, anaunganisha kwa kunakili video, anasimama mbele ya majaji na tai ya kuazima, anashindwa, na hashiki waya tena. Nimerekodi hayo mashindano. Nimeona hizo nyuso zikitoka mlango wa nyuma.

Msanii hakuwa na mkulima wa kuokoa. Alikuwa anataka dirisha lizime. Kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsubiri, alichoma, akatoa, akarudia, akauliza maswali ya kijinga mpaka yakaisha. Mtu anayecheza anarudia jambo mara arobaini. Anayesuluhisha shida kwa sababu ya kikombe na cheki kubwa ya karatasi anarudia mara mbili.

Na msiniambie hii ni tabia ya wazungu, ati kuunganisha sanaa na waya. Nyinyi mnapanda matatu kila siku! Hapa Nairobi hizo vitu mbili hazijawahi kutengana. Nganya ni nini? Ni mchoro, ni sauti, ni taa, ni skrini, vyote vimefungwa kwa betri na jenereta ya lori, na vinatakiwa vifanye kazi na gari likiruka matuta. Michuki alipoleta sheria zake Februari 2004, na ule mstari wa manjano, michoro ikafinywa kwa miaka kumi hivi mpaka Uhuru akasema 2014 kwamba vijana waachwe wachore. Hao vijana walivyorudi hawakurudi na rangi peke yake. Walirudi na LED. Yule fundi aliyemwonyesha Msanii kiboksi chake anaweza kukuambia waya wa unene gani utabeba woofa gani bila kushika moto. Mwulize kama yeye ni msanii ama fundi wa umeme, atakuuliza kama unapanda ama hupandi.

Hata hiyo Arduino ambayo mainjinia wetu wanaiweka kwa kila mradi wa mwaka wa mwisho. Haikutoka kwa mainjinia wakitengenezea mainjinia. Ilianza 2005 Italia, mji wa Ivrea, kwa shule ya usanifu. Walimu walikuwa wanataka wanafunzi wa usanifu na sanaa wapate kitu cha bei nafuu cha kuchezea bila kusoma elektroniki miaka minne kwanza. Jina lenyewe walilitoa kwa baa walikokuwa wanakunywa. Kwa hivyo mtu akimwambia mwanafunzi wa sanaa kwamba Arduino si yake, anamfukuza kwa nyumba aliyojengewa.

Halafu kuna Cyrus Kabiru. Kama humjui ni sawa, shuleni hatukufunzwa. Amezaliwa Nairobi 1984, hajasomea sanaa popote, anatengeneza miwani kwa waya, chuma na vipande vya elektroniki vilivyotupwa. Anaiita C-Stunners. 2015 jumba la Vitra la Ujerumani lilifanya maonyesho makubwa ya usanifu wa Afrika, na picha yake na miwani yake ndiyo ilikuwa sura ya hayo maonyesho. Amesimulia kwamba akiwa mtoto alitaka miwani, baba yake akamwambia ukitaka, jitengenezee. Na amesimulia pia kwamba alipomaliza sekondari baba huyo huyo alitaka asomee elektroniki, akakataa. Nilicheka sana niliposoma hiyo. Mtu alikimbia darasa la elektroniki, elektroniki zenyewe zikamfuata mpaka zikampanda usoni.

Sasa wacha niwe mkweli, kwa sababu nikiandika upande mmoja mtanijua. Kuna kazi nyingi za namna hii ambazo ni takataka. Mtu anachora simba, anamwekea LED nyekundu machoni, anaiita ya kisasa. Hiyo ni mapambo ya baa. Mwalimu wa Msanii ameona simba wengi, naelewa amechoka. Kama taa ikitolewa na mchoro ukabaki vile vile, basi toa taa, okoa betri. Ila hii ya mabati, ukitoa waya, umetoa kazi yenyewe. Inabaki picha nzuri ya Kawangware usiku, ile ile ambayo mtu wa Lavington anaiona kutoka balkoni. Giza ndilo alilochora. Hakuna rangi ya kulichora, ndiyo maana akaenda Luthuli.

Na siwezi kusema ati kila msanii aache brashi. Wala sisemi hakuna mahali pa kujifunza. University of Nairobi wana FabLab yao, na kuna karakana zingine hapa na pale. Ninachosema ni kwamba mlango wa hizo sehemu umeandikwa mhandisi, na msichana mwenye rangi kwa kucha akiingia anaulizwa amepotea.

Kuna sababu nyingine hii kitu inaniuma. Ndugu yangu mdogo ni wa ile darasa ya kwanza ya Sekondari Pevu, wale walioingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mnajua walivyoambiwa wachague njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Serikali yenyewe ilishapiga hesabu inataka asilimia 60 waende sayansi, 25 jamii, na 15 sanaa na michezo. Ndugu yangu anachora tangu ajue kushika kitu. Vitabu vyake vya hesabu vimejaa nyuso za walimu. Pia ni yule mtoto aliyefungua rimoti ya TV yetu akiwa na miaka minane, akairudisha, ikafanya kazi, ikabaki skrubu moja ambayo bado tunayo. Aliulizwa achague akiwa na miaka kumi na tano. Mzae akamsaidia kuchagua sayansi, na kusema ukweli hata mimi nilinyamaza. Nikajiambia akichagua sanaa atakula nini. Mimi! Mtu anayelipa nyumba kwa kurekodi michoro ya magari!

Hiyo fomu haikuwa na sanduku la mtu wa rimoti na nyuso. Ilikuwa inataka akate mkono mmoja, na sisi tukashika panga.

Nilimleta kwa Msanii likizo ya Aprili. Sikumwambia tunaenda kufanya nini. Alikaa akaangalia mabati yakizima na kuwaka, hakusema kitu, akazunguka nyuma kuangalia waya. Akakaa huko nyuma muda mrefu. Mwisho akatoa kichwa akauliza, "Na kwa nini zote zinazima pamoja? Stima ikipotea kwetu kuna nyumba hubaki na taa. Wale wa jenereta. Na wale wa sola."

Msanii akaniangalia, mimi nikamwangalia. Ilikuwa imebaki siku tisa jopo lije.

Akampa chuma cha kulehemu. Akamwonyesha mara moja: pasha kwanza kiungo, si lehemu, halafu gusa, iingie yenyewe kama maji. Kiungo cha kwanza kilitoka kama kinyesi cha njiwa. Cha tano kilikuwa kizuri kuliko vyangu. Sasa kuna madirisha matatu yaliyo na njia yao tofauti, ya juu kulia, karibu na pale mti umechorwa. Ukikaribia mtaa wote unazima na hayo matatu yanabaki, na hiyo imekuwa mbaya zaidi, yaani kwa njia nzuri, kwa sababu sasa unaanza kujiuliza ni nani anaishi humo.

Msanii ameamua hatoi waya. Jopo likisema litapima mchoro peke yake, atapata alama za mchoro peke yake, na anaweza kurudia hiyo sehemu mwaka ujao kwa karo ambayo mathe hana. Tumeliongea sana. Nilimwambia apeleke mabati mawili, moja safi ya jopo, moja ya kweli. Akasema wewe ulipeleka majibu safi miaka miwili, yalikufikisha wapi? Sikupenda hilo jibu. Bado silipendi. Nafikiri anakosea kuhatarisha diploma kwa sababu ya dirisha, na nafikiri ningekuwa na nusu ya kiburi chake ningekuwa mtu mwingine. Yote mawili niko nayo kichwani na sijui ya kufanya nayo.

Mathe alikuja kuona juzi, baada ya soko. Alisimama mbali na kikapu kwa mkono, akatazama zile taa. Akakaribia, zikazima, akasema, "Ah! Wamekata tena." Hakuna aliyemwambia chochote. Akarudi nyuma, zikawaka. Akahesabu madirisha kwa kidole mpaka akafika mahali fulani, akauliza kama hiyo ni nyumba ya Mama nani hii wa pembeni, anajua paa lake. Hakuuliza tena inasaidia nani. Hakusema inasaidia, pia. Aliuliza betri itakaa masaa mangapi.

Na hilo ni swali la maana, kwa sababu betri haitoshi. Jopo linakuja Alhamisi na kazi inatakiwa iwake siku nzima. Tumeamua kutumia chaja ya simu, zile za kawaida za volti 5, lakini ile moja tuliyo nayo imeanza kunuka. Kama una chaja ya zamani ambayo simu yake ilikufa, ampea 1 kwenda juu, usitupe. Niko tao Jumamosi, nitakuwa Luthuli kuanzia saa nne asubuhi, kwa zile ngazi. Nitakuwa na huyu mdogo wangu. Yeye ndiye atazipima kama zinafanya kazi, mimi nitashika begi.